Andiko lenu liko ukurasa wa 27

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha watu wanane wilayani Kondoa. Tunahudumia punda wanaobeba maji na mizigo ya mnadani: tunawasafisha vidonda, tunawaelekeza wenye punda namna ya kuwafunga vizuri. Tumesajiliwa halmashauri. Kwa miaka miwili tumepeleka andiko la kuomba ruzuku kwa wafadhili 14 wa nje. Waliojibu ni wawili, na wote walisema hapana. Sasa kuna mtaalamu mmoja anasema atatuandikia upya, malipo yake ni asilimia 10 fedha zikitoka. Tumkubalie? Na tunakosea wapi? Nimekuambatishia andiko lenyewe."

Jibu:

Dada Katibu, nimelisoma andiko lote, kurasa 38, mara mbili. Naanza na huyo mtaalamu, maana huenda mmeshakaribia kusaini. Msikubali. Wafadhili wengi hawaruhusu fedha ya mradi kumlipa mtu kwa asilimia, na hata asiyeuliza mwanzoni ataiona siku ya hesabu, na hapo mtakuwa mmeharibu jina kwa kosa la mtu mwingine. Halafu fikirini: ujira wa mtu huyo unakua kadiri bajeti inavyokua, wakati ugonjwa wa andiko lenu ni kwamba bajeti tayari imevimba. Mkihitaji mkono wa kuandika, mlipeni mtu kwa siku mbili au tatu za kazi, kwa bei mliyokubaliana, fedha zitoke au zisitoke. Ila nikimaliza kueleza, nadhani mtaona mnaweza kuandika wenyewe.

Nimekaa miaka tisa kwenye meza inayopokea maandiko ya asasi ndogo za wanyama, na kabla ya hapo nilikuwa upande wenu, nikiandika usiku na kutuma alfajiri umeme ukirudi. Kwa hiyo niruhusu nikueleze kinachotokea andiko lenu likifika. Msomaji ana maandiko mengi kuliko saa alizonazo. Hasomi kuanzia ukurasa wa kwanza. Anafungua bajeti, anatazama jumla, kisha anatafuta jambo moja: mwaka jana hawa walitumia shilingi ngapi? Nyinyi mlitumia 1,900,000, michango ya wanachama pamoja na msaada wa mwenye duka la dawa za mifugo. Mnachoomba ni 186,000,000: hospitali ya punda, Land Cruiser moja, jengo la ofisi, mishahara ya watu sita. Ni karibu mara 98 ya fedha mliyowahi kuishika kwa mwaka mzima.

Msomaji hapo hawashuku wizi. Anawaza mambo ya kawaida kabisa: nani ataandika vocha hizo zote, nani atasimamia mafundi wa ujenzi, mwaka wa pili dizeli ya gari italipwa na nani. Hapati jibu, anafunga, anachukua andiko linalofuata. Sehemu nzuri ya andiko lenu hajaifikia. Inauma, kwa sababu sehemu hiyo ipo, na nitaifikia.

Kuhusu hospitali, nikupe kisa kimoja. Mwaka 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo akakuta farasi wa jeshi waliobaki tangu Vita Kuu ya Kwanza, wamezeeka, wamekonda, wanavuta mikokoteni mitaani. Mwaka 1931 aliandika barua kwenye gazeti la Morning Post la London akieleza alichokiona, akaomba fedha za kuwanunua farasi hao ili wapumzike. Wasomaji wakachanga. Akanunua farasi mmoja mmoja, hadi wakafika maelfu. Hospitali aliifungua mwaka 1934, baada ya kazi hiyo, na ndiyo iliyozaa shirika la Brooke, ambalo leo linahudumia farasi, punda na nyumbu katika nchi nyingi, na lina ofisi Nairobi. Barua ilitangulia, ikafuata kazi inayoonekana, ndipo jengo. Andiko lenu limeanzia kwenye jengo.

Sasa ukurasa wa 27. Chini kabisa, baada ya jedwali la malengo ya milenia ambayo muda wake uliisha mwaka 2015, mmeandika sentensi mbili: "Mwaka jana kikundi kiliondoa nira za ng'ombe kwa punda 31 katika vijiji vya Kolo na Bukulu na kuwawekea mikanda ya kifua iliyoshonwa na fundi viatu. Punda 26 kati yao vidonda vilipona."

Niliposoma hapo niliweka kalamu chini. Dada yangu, hili ndilo andiko. Kurasa nyingine 37 zimelifunika.

Nieleze kwa nini, maana naona nyinyi wenyewe mnalichukulia kama jambo dogo. Nira imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inakaa mbele yake, mnyama anasukuma kwa shingo na mabega yake mazito. Punda hana nundu. Nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Ukimwekea nira, mti unalala juu ya mifupa ya mabega iliyofunikwa ngozi tu, unasugua kila hatua, na kamba ya nailoni chini ya shingo inabana koo. Wiki ya kwanza manyoya yanatoka. Wiki ya pili ngozi inalowa. Mwezi wa pili kuna shimo linaloingia kiganja, nzi wamejaa, na mwenye punda anamwaga jivu au mafuta machafu ya gari kwa sababu ndicho alichonacho. Kisha Jumamosi anamfunga tena pale pale, kwa kuwa maji hayajileti nyumbani.

Kumbe dawa peke yake haitoshi: unatibu leo, kesho nira inachimbua. Nyinyi mmeondoa chanzo. Na mmeondoa kwa kutumia fundi viatu wa hapo hapo, ambaye atakuwepo hata mfadhili akiondoka. Wafadhili wa wanyama wanaofanya kazi vijijini wanaitafuta kazi ya namna hii kwa tochi, na mara nyingi wanaletewa michoro ya majengo.

Niliendelea kuwaza maswali ambayo andiko haliyajibu, na ndiyo maswali ya kulijaza. Mkanda mmoja uligharimu kiasi gani? Umeshonwa kwa kitu gani? (Kama ni mpira wa tairi la ndani unaogusa ngozi, badilisheni: mpira unakusanya jasho na kuunguza. Turubai nene lenye kitambaa laini au gunia la katani lililokunjwa ndani ni bora, na mkanda uwe mpana, ukae chini ya koromeo na juu ya kiungo cha bega.) Mliwashawishije wenye punda, ilhali nira waliirithi kwa baba zao? Vidonda vilipona baada ya siku ngapi? Na kubwa kuliko yote: wale punda watano ambao hawakupona, kilitokea nini?

Msiwafiche hao watano. Najua mazoea yetu, ripoti lazima ing'ae. Lakini msomaji mwenye uzoefu akiona 31 kati ya 31 anajua kuna chuku. Akiona 26 kati ya 31, na maelezo kwamba wawili waliuzwa mnadani kabla hamjarudi, mmoja mwenyewe alirudisha nira msimu wa kulima, mmoja kidonda kilishafika mfupani na mmoja alikufa, anajua kwamba nyinyi mlirudi kuangalia. Kurudi kuangalia ndiko kunakotenganisha asasi na watu wenye huruma. Huruma mnayo, hilo halina shaka. Fedha hutolewa kwa anayerudi.

Kwa hiyo kabla ya andiko, daftari. Chukueni kaunta buku moja, la jalada gumu. Kila punda mstari wake, wenye namba. Tarehe, kijiji, jina la mwenye punda na simu yake kama anakubali, jike au dume, umri kwa kutazama meno, kazi anayofanya, kidonda kiko wapi na upana wake. Upana pimeni kwa rula, msiandike "kikubwa". Kisha hali ya mwili. The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1969 ambalo mwaka 1987 lilifungua kliniki ya punda Lamu, hutumia alama 1 hadi 5: 1 ni aliyekonda mifupa nje, 3 ndiye mzuri, 5 amenenepa mno. Tumieni alama hizo hizo, mtaeleweka popote. Acheni safu tatu tupu upande wa kulia kwa ajili ya kurudi: wiki ya 2, wiki ya 4, wiki ya 8. Na picha ya simu, upande ule ule, umbali ule ule, namba ya punda imeandikwa kwenye kipande cha boksi kinachoshikwa kando ya bega. Picha mbili za punda namba 14, ya Machi na ya Mei, zinashinda kurasa kumi za maneno.

Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu kabla ya kutuma chochote. Najua miezi mitatu ni mirefu kwa mtu aliyengoja miaka miwili, lakini miaka hiyo miwili ilikwenda bila daftari.

Andiko jipya liwe kurasa nne. La kwanza, tatizo kama lilivyo kwenye kata zenu: mmekagua punda wangapi, wangapi wana vidonda, wangapi kati ya hao wamefungwa nira. Msianze na idadi ya punda wa Afrika nzima. Mfadhili anaijua kuliko nyinyi, na asichokijua ni Bukulu. Kama mnataka sentensi moja ya mambo makubwa, itoshe kusema kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na kwamba punda aliyeokoka machinjioni bado anahitaji kuokolewa na nira. La pili, mtakachofanya. La tatu, mtakavyojua kimefanikiwa, yaani daftari. La nne, bajeti.

Na lugha muisafishe. Neno "ukatili" limo mara 19. Limefutwa kichwani mwangu nilipofika kwenye maelezo ya bibi anayeteka maji kilomita sita na punda mmoja. Huyo bibi hamchukii punda wake, hajaonyeshwa mkanda. Mkimwita mkatili, mfadhili anajiuliza mtaingiaje uani kwake kesho. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo na inafaa kutajwa, lakini itajeni kama msingi wa kazi, msiitaje kama rungu. Hali kadhalika picha ya damu kwenye jalada iondoeni, na msiweke uso wa mtu yeyote bila ridhaa yake.

Bajeti ndiyo nataka tukae nayo. Nimeipanga kwa makadirio yangu, mtaweka bei za Kondoa. Mikanda 120 kwa shilingi 35,000, ndani yake turubai, pete za chuma, uzi na ujira wa fundi: 4,200,000. Daktari wa mifugo siku 12 kwa 60,000: 720,000. Bodaboda safari 24 kwa 15,000: 360,000. Dawa za kusafishia vidonda, dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda: 900,000. Kuwafunza mafundi wengine wanne siku mbili, 50,000 kwa siku: 400,000. Makaunta buku, vocha za simu, kuchapisha picha: 180,000. Makato ya benki: 240,000. Mtu wa kukagua hesabu: 600,000. Jumla 7,600,000.

(Pepopunda nimeiweka makusudi. Farasi na punda huathirika upesi na ugonjwa huo, na lugha yetu yenyewe imeupa jina la mnyama huyu. Punda mwenye kidonda wazi kwenye udongo wenye samadi anahitaji kinga, na andiko lenu halikuitaja.)

Tazama jumla hiyo. Ni mara nne ya matumizi yenu ya mwaka jana. Bado ni hatua ndefu, lakini ni hatua ya mtu anayetembea. Kila shilingi inaonekana inakwenda wapi, na msomaji akigawanya kwa punda 120 anapata kama 63,000 kwa punda mmoja aliyeondolewa nira, ametibiwa na kufuatiliwa wiki nane. Hesabu hiyo ataifanya, kwa hiyo ifanyeni nyinyi kwanza. Msione aibu kuweka mkaguzi wa hesabu na makato ya benki. Bajeti isiyo na gharama za uendeshaji haionyeshi unyenyekevu, inaonyesha kwamba hamjawahi kuendesha mradi.

Jambo lingine lililonishtua liko ukurasa wa 12: "Vijana wetu watano wamefunzwa kudunga sindano za penisilini." Msomaji yeyote mwenye taaluma husimama hapo hapo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka tiba isimamiwe na mtu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na mbali na sheria, kudunga ovyo kunajenga usugu wa dawa, na kipimo kikikosewa mnyama anaumia. Mwendeeni daktari wa mifugo wa halmashauri mkiwa na daftari mkononi. Mwombeni barua ya ukurasa mmoja kwamba anaijua kazi yenu, na mtu wake aliyesajiliwa atashika sindano. Vijana wasafishe vidonda, wapime mikanda, waandike. Barua hiyo haina bei, na nimeona maandiko yakipita kwa sababu yake. Muulizeni pia mtafanya nini kwa punda asiyeweza kupona. Wafadhili karibu wote wanauliza: nani anaamua mnyama auawe kwa huruma asiteseke zaidi, kwa dawa gani, mwenye mnyama anashirikishwaje. Ni swali zito, na huenda nyinyi mmeshakutana nalo kwa mmoja wa wale watano. Andikeni mlichokubaliana, hata kama ni nusu ukurasa.

Wapi mlipeleka? Mmeniorodheshea wote 14, na watano kati yao hawagusi punda kabisa. Dogs Trust Worldwide ni mbwa, jina limeshasema. Battersea ya London, iliyoanzishwa mwaka 1860, ni mbwa na paka. Mmoja mlimwandikia ana fedha za kuwatoa kuku wa mayai kwenye vizimba, kazi njema sana ila si yenu. Kwa kazi ya punda milango ni michache na inajulikana: Brooke, The Donkey Sanctuary, na SPANA, iliyoanzishwa mwaka 1923 na Kate Hosali na binti yake Nina baada ya kuona hali ya wanyama kazi Afrika Kaskazini. Hawa mara nyingi hawatoi fedha kwa kikundi wasichokijua. Wanafanya kazi kupitia washirika walioko nchini. Kwa hiyo njia fupi haipiti London, inapita Arusha na Dar es Salaam: kuna ASPA, kuna TAWESO, asasi za Kitanzania ambazo zimeshahudumia punda na zinajua kushika fedha za nje. Andikeni kwao kwanza, msiombe fedha, waombeni waje kuona au mwende kuona. Mkiwa sehemu ya mradi wa mwenzenu aliyetangulia, fedha inapita kwake, nyinyi mnafanya kazi ya Kondoa, na baada ya mwaka mnakuwa na ripoti yenye jina lenu.

Pembeni ya hao kuna mifuko inayogusa wanyama wa aina nyingi, kama Marchig Animal Welfare Trust ya Uingereza, na kuna wanaotoa fedha ndogo za mbegu kwa vikundi vichanga, kama The Pollination Project. Someni masharti ya mwaka huu kwenye kurasa zao wenyewe kabla ya kuandika neno moja, maana hubadilika. Balozi kadhaa nazo zina mifuko midogo ya jamii. Huko punda haingii kama punda, anaingia kama maji ya akina mama, na kwa Kondoa hiyo ni kweli tupu, kwa hiyo semeni. Ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu iacheni. Ni mkopo wa biashara, utarudishwa, na kutibu punda hakuleti marejesho. Na mkipata barua pepe inayosema mmeshinda ruzuku, tumeni kwanza ada ya kushughulikia, futeni. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kukupa fedha.

Upande wa karatasi. Usajili wa halmashauri unawatosha kuanza chini ya mwavuli wa asasi nyingine. Mkitaka kupokea fedha za nje kwa jina lenu, jiandikisheni kama NGO kwa Msajili, mnaweza kuanzia ngazi ya wilaya au mkoa. Jueni mapema kwamba usajili una mzigo wake: ripoti ya kila mwaka, hesabu zilizokaguliwa, ada. Na kanuni za 2018 zinadai uwazi zaidi fedha zikizidi shilingi milioni 20, pamoja na mikataba kuwasilishwa serikalini. Ni sababu nyingine ya kuanza na 7,600,000. Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini watatu, wawili wasaini kila mara, na wasiwe mke na mume. Nimeona kwenye andiko namba ya akaunti ni ya Mwenyekiti binafsi. Simwazii vibaya hata kidogo, ila hakuna mfadhili atakayetuma hapo. Ombeni pia nakala ya sera ya kulinda watoto kwa asasi iliyowatangulia, mjifunze kwayo, kwa sababu wachunga punda wengi ni watoto na swali hilo litakuja.

Kuhusu sarafu: wengine watataka bajeti kwa dola au pauni. Andikeni kiwango mlichotumia na tarehe yake. Katikati ya mwaka 2024 dola ilikuwa inaelekea shilingi 2,700, Desemba ikashuka kuelekea 2,400. Kikundi kilichoahidiwa dola 2,800 katika kipindi hicho kingejikuta na pengo la mamia ya maelfu ya shilingi bila kosa la mtu yeyote. Wekeni sentensi moja mkataba ukija: kiwango kikishuka, tutapunguza mikanda kutoka 120 hadi idadi fulani, na tutawajulisha kabla. Wafadhili hupenda mtu aliyefikiria jambo hilo mapema.

Nikueleze na jeraha langu mwenyewe, lisije likawa lenu. Asasi niliyokuwa naifanyia kazi ilipata ruzuku yake ya kwanza, fedha inatoka kwa awamu mbili. Tulifanya kazi vizuri, tukatunza kila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi dukani, kwenye bahasha, bahasha kwenye kabati la bati. Baada ya miezi minane tukafungua bahasha kuandaa ripoti. Karatasi zote zilikuwa nyeupe. Maandishi ya risiti zile hufifia kwa joto, na kabati lilikuwa dirishani. Nilikaa sakafuni nikiziinua moja moja kwenye mwanga nitafute hata tarakimu. Awamu ya pili haikuja, na chanjo za mbwa tulizokuwa tumewaahidi watu wa vijiji vitatu hazikufanyika mwaka ule. Mpaka leo risiti ikiingia mkononi mwangu napiga picha hapo hapo dukani, na siku hiyo hiyo naitoa kopi, nabana kopi na risiti pamoja na vocha. Fanyeni hivyo tangu shilingi ya kwanza, hata ile ya michango yenu wenyewe.

Na michango hiyo msiiache mkipata mfadhili. Shilingi 1,900,000 za watu wanane na muuza dawa mmoja zina uzito kuliko mnavyodhani. Zitajeni kwenye ukurasa wa nne, chini ya jumla: wanachama wamechangia kiasi hiki, wenye punda wamelipia sehemu ya mkanda kiasi hiki. Kama mwenye punda anaweza kutoa 5,000 kati ya 35,000, atoe, kwa sababu mkanda aliolipia atauosha na kuuanika. Asiyeweza apewe, na daftari lionyeshe ni nani.

Mkituma, subirini wiki sita kisha ulizeni kwa sentensi mbili za heshima. Mkikataliwa, andikeni kushukuru, na ombeni kuambiwa sababu moja. Wengi hawatajibu. Atakayejibu atakuwa amewapa kitu cha thamani, na mwakani atalikumbuka jina la Kondoa. Mkikubaliwa, tumeni ripoti siku tano kabla ya tarehe, na wale walioshindikana muwaweke ukurasa wa kwanza pamoja na waliopona.

Mwezi wa saba vumbi la mnada likiwa limeanza kutimka, nitumie kurasa nne pamoja na picha za mistari 30 ya kwanza ya daftari. Nitazisoma na kuzirudisha na maoni ndani ya wiki moja, bila malipo. Na mpe fundi viatu salamu zangu. Mwambie nataka kujua anashona tundu la pete kwa mishono mingapi, maana hapo ndipo mikanda mingi niliyoiona hukatikia.